Mkono wa Fundi Talib

Mie si mtu wa kukubali kosa. Sijisifu, nakwambia tu mapema ili ujue umekaa na nani. Miaka thelathini na moja nimekuwa fundi wa gesi huku mashariki ya London, kutoka Ilford mpaka Barking, na sijaona boila, ule mtambo wa gesi wa kupasha nyumba moto, niliyoitia mkono ikanishinda. Watu wa kwetu, wa Unguja na wa Pemba, boila ikiwazimikia katikati ya Januari walikuwa hawahangaiki na makampuni. Wananipigia mimi. Nafika, naweka sanduku chini, nafungua kifuniko, natazama, nasema kasoro iko hapa, na kasoro inakuwa hapo. Nikisema imekufa, basi imekufa, tafuteni nyengine. Barazani kwetu hata imamu hupingwa. Mie sipingwi.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mwenyezi Mungu akitaka kumtia adabu, hamletei maradhi wala wezi. Humpa binti.

Miska ndiye mtoto wangu wa pekee. Kazi nilimfundisha mwenyewe, Jumamosi na siku za likizo za skuli, na nilikuwa na yakini kwamba nikistaafu sanduku langu la vifaa litakuwa lake. Alipomaliza chuo akaja akaniambia gesi zama zake zinakwisha, yeye kasomea pampu za joto. Aliniambia kwa Kiingereza. Mtoto huyu tangu ana miaka minne ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Anakisikia chote, mpaka matusi, lakini kukisema mwenyewe ni mpaka jambo limguse.

Pampu ya joto, kama huijui, ni sanduku kubwa la chuma lenye feni. Linawekwa nje, kwenye baridi, halafu wanakwambia linavuta joto kutoka kwenye hewa ileile ya baridi na kulitia ndani ya maji yanayozunguka kwenye radieta, vile vyuma vya ukutani. Nilimwambia, mwanangu, mie nimezaliwa Wete, Pemba, hewa yenye joto naijua, na hii iliyoko nje ya dirisha siyo. Akanieleza kwamba ni friji tu, ila imegeuzwa. Nikamwambia akili nyingi huondoa maarifa, akarudi kwenye vitabu vyake.

Taabu yake ilikuwa moja. Cheti anacho, gari dogo la kazi analo, lakini hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza. Kila anakokwenda anaambiwa tuonyeshe nyumba uliyofungia pampu, tukaone. Nyumba hana. Akawa anakwenda kuwashikia ngazi mafundi wa watu, mtu mwenye akili kuliko wao wote, narudi namkuta jikoni anakula peke yake. Mke wangu, Mardhiya, akanivuta pembeni.

"Baba Miska," akaniambia, "wewe usipompa nyumba, nani ampe?"

Basi nikatoa nyumba yangu. Nilitoa kama mtu anavyotoa mbuzi aliyemfuga mwenyewe, nikaondoka kutwa nisione anavyochinjwa. Niliporudi jioni, boila yangu niliyoifunga kwa mikono hii ilikuwa imelazwa ubavu kwenye majani, na kabati lake jikoni Mardhiya keshalijaza masinia yake ya shughuli. Wanawake hawangoji maiti ipoe.

Miska akanitembeza nyumba nzima. Radieta kaweka kubwa, pana kama milango. Akanieleza kwamba hizi hazitawaka moto kama za zamani, zitakuwa vuguvugu tu, lakini vuguvugu la saa zote, mpaka kuta zenyewe zishike joto. Haba na haba hujaza kibaba, akasema mama yake, kwa furaha. Nikamwambia kibaba ni cha mchele. Mwisho Miska akanisimamisha mbele ya swichi kubwa ya ukutani, karibu na mlango wa nyuma, akaacha Kiingereza chake.

"Hii usiizime, Baba. Mkiwepo, msiwepo, iache."

Nikaitikia. Mie kuitikia naitikia vizuri sana.

Sasa nieleze kilichonipata, na usinihukumu mpaka nimalize. Miaka thelathini na moja, kila nyumba niliyotoka, mlangoni nimeacha wasia uleule: ukitoka zima, ukirudi washa, nyumba tupu haisikii baridi. Nimewaambia watu wa kila kabila. Nimewaambia mpaka nikiota naota nawaambia. Na mie sasa nimestaafu. Miska anatoka saa moja asubuhi, Mardhiya anatoka saa mbili kwenda kazini Goodmayes, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya ulezi. Nami natoka naenda zangu barazani. Mashine iwake kwa ajili ya nani? Impashie moto nzi? Asubuhi ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe. Nikaizima palepale kwenye swichi kubwa, nikafunga mlango, nikatembea mpaka baraza nikiwa na raha ya mtu aliyefanya la busara.

Nikawa naizima kila siku, naiwasha saa tisa, kabla ya mtu kurudi. Nyumba haikupata joto hata siku moja. Mardhiya akawa anapika na koti. Miska akirudi anashika ukuta kwa kiganja, anatazama simu yake, anatazama ukuta, anapanda zake juu. Nami nikishika radieta naikuta vuguvugu, nabana midomo. Radieta ni ile ukiishika unaruka. Nikwambie ukweli, maana umri huu sina wa kumficha: nilikuwa nafurahi. Nasikia baridi mpaka kwenye magoti, na moyoni nafurahi, kwa sababu nilisema.

Na barazani nilikuwa nasema pia. Baraza letu liko chumba cha nyuma cha ukumbi wa jumuiya, kuna birika la kahawa, kashata, na wazee kumi wasio na la kufanya. Wakiniuliza hali ya mashine ya binti, nashusha pumzi. Mtoto ana akili, nasema, na bidii anayo, ila hicho kidude chenyewe, basi tena. Sikumsema vibaya hata siku moja. Nilimsikitikia tu, na kusikitika kwangu kulikuwa kunakwenda mbali kuliko matusi. Kuhusu neno fundi, hilo sikumpa. Fundi ni neno zito. Nilikuwa namwita mtoto, au yule wa mashine.

Mwezi wa Novemba boila ya ukumbi ikafa. Niliitazama mwenyewe, nikasema imekufa. Watu wakawa wanasoma hitima na makofia ya sufu. Miska akaandika barua kwa kamati, kwamba wampe yeye kazi aweke pampu. Ukumbi ule, elewa, ndio macho ya watu wetu wote wa London. Harusi humo, maulidi humo, matanga humo. Fundi atakayeupasha moto hatakosa kazi tena maishani mwake. Na atakayeuacha na baridi, arudi akashike ngazi.

Mwenyekiti wetu ni Bwana Sufian, aliyekuwa karani wa baraza la mji miaka mingi, mtu anayependa kikao kuliko chakula. Akasema, maneno ya nini, nyumba ya Talib ina mashine hiyohiyo, kamati itakwenda kukaa pale Jumamosi ya pili ya Januari baada ya adhuhuri, tusikie kwa miili yetu. Tukiridhika, kazi ni ya Miska. Wote wakanigeukia. Nikasema karibuni.

Alhamisi ya wiki hiyo nikamkuta Miska anapiga pasi shati la kazi. Mfukoni kashona jina lake kwa uzi mwekundu, Miska Talib, herufi za mkono, moja imepinda kidogo. Ananyoosha ile herufi kwa ncha ya pasi, taratibu, kama mtu anayemtengeneza mtoto siku ya Idi. Roho ikaniuma. Nikasema hapana, lazima nimsaidie mwanangu. Wallahi nilikusudia kumsaidia.

Na nikamsaidia kwa ninayoyajua. Jumamosi asubuhi barafu ilikuwa nyeupe juu ya magari. Miska alikuwa na kazi ya watu Hounslow, atarudi saa nane. Mardhiya akatoka kwenda sokoni. Mashine nikaizima kama kawaida, maana nyumba ilikuwa tupu. Saa sita na nusu nikarudi, nikaiwasha, na kile kidude cha ukutani cha kuchagulia joto nikakipeleka mpaka thelathini. Boila yangu ungeifanyia hivyo, saa moja tu watu wanavua mashati.

Mashine ikanguruma. Ikakaa kimya. Ikanguruma tena, halafu ikafuka mvuke mzito nje pale, bustani nzima ikajaa ukungu kama kuna sufuria ya biriani la watu mia. Nikatoka kuitazama. Chuma chake chote kimeganda barafu, na mashine inajipasha moto yenyewe ili barafu iyayuke kabla haijatupasha sisi. Nilisimama na koti langu, fundi wa miaka thelathini na moja, sijui nishike wapi.

Wageni wakaanza kufika. Salamu zetu hazikutengenezwa kwa nchi ya baridi. Mtu hafiki kwako ukamvuta ndani ukafunga mlango, hiyo si adabu. Unasimama mlangoni, unamuuliza hali yake, ya mkewe, ya watoto, ya mama yake Pemba, ya mguu wake, naye anakuuliza yote hayo, kisha anavua viatu, anakataa kutangulia, unamlazimisha, anakataa tena. Wajumbe saba. Mlango ulikuwa wazi dakika arubaini, na joto lile kidogo lililokuwemo likatoka nje kwa heshima zote.

Wakakaa sebuleni na makoti. Mardhiya akaleta chai na kachori. Miska akaingia na shati lake, akasalimia, akashika ukuta kwa kiganja. Nilimwona anavyobadilika uso. Mmoja mmoja wakainuka wakaenda kuishika radieta, nyuma ya mkono, kama mtu anavyomgusa kipaji mtoto mwenye homa, na kila mmoja akarudi kukaa akajifunika koti vizuri. Mzee mmoja akaziingiza kachori mbili chini ya koti, sijui azile au zimpashe moto.

Sufian akaweka kikombe chini.

"Yakhe Talib," akasema, "sisi hatujui kitu. Wewe ndiye fundi, nasi hatukupingi. Mashine hii inafaa, haifai?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Niliizima. Si neno refu, hata mtoto analiweza. Sikulisema, kwa sababu mbele yangu walikuwa watu saba ambao katika maisha yao hawajanisikia nikisema nimekosea, na nyuma yao miaka thelathini na moja. Nikatazama zulia.

Miska akasimama.

"Ami Sufian, kosa ni langu," akasema. "Nilipima vibaya. Baba hana lawama."

Kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha bibi yake wa Wete, mbele ya kamati nzima. Wazee wakainamisha vichwa. Sufian akamwambia Mungu atakujaalia mara nyengine, mwanangu, wakamaliza chai haraka kwa sababu ilikuwa inapoa, wakaondoka. Waliponiaga walinishika mkono kwa huruma.

Miska akawa anakusanya vikombe. Nikamuuliza kwa nini kasema vile na mimi najua kwamba hakupima vibaya. Akafuta mikono, akatoa simu, akaniwekea mezani. Mashine ile, kumbe, huandika kila kitu. Palikuwa na mstari unaopanda na kushuka, na kila siku kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa palikuwa na pengo jeupe. Siku sitini na kitu, mapengo sitini na kitu, yamepangana kama meno ya kitana. Hata Krismasi, nilipotoka saa nne, pengo la Krismasi lilianza saa nne.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Siku ya tatu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza, Baba. Nikuambie mara ngapi?"

Hilo ndilo lililonichoma. Sisi tumemlea hivyo: mkubwa humwambii jambo mara mbili, ukimwambia mara mbili umemwita mjinga. Mtoto wa London, anayenijibu Kiingereza, nikidhani hakushika chochote cha kwetu. Alishika kimoja, na nilichomfunza mwenyewe kikamfunga mdomo siku sitini huku nikimvunjia jina lake barazani kwa pumzi za huzuni. Niliona haya. Sijui neno jengine. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama.

Mardhiya alikuwa mlangoni na sinia la kachori, kasikia yote.

"Miezi miwili napika na koti," akasema, akarudi jikoni. Siku nne hakunisemesha.

Ijumaa baada ya sala nikaenda barazani, sikukaa, nikasema mbele ya watu wote. Nikasema Miska hakukosea, mimi nilikuwa naizima mashine kila siku, nyumba haikupata joto kwa sababu yangu. Nilisema kwa sauti, mkono kifuani. Nikangoja wanicheke, nilijiandaa kwa hilo.

Hakuna aliyecheka. Wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa akasema, mzazi ni mzazi. Mwengine akasema angekuwa yeye asingeweza, baba kujitwika kosa la mwanawe, na kwa umri huu. Sufian akanishika bega, macho yamemlowa, akaniambia, Talib, tunakujua, mtu kama wewe hawezi kufanya upuuzi kama huo. Nikaapa. Wakasema usiape, ndugu yetu, utapata dhambi bure. Nikawaeleza habari ya mapengo kwenye simu, wakanisukumia kashata. Miaka yote ile nimesema na wameamini, hata nilipokuwa nabahatisha. Siku niliyosema kweli tupu wakaniombea dua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nyumbani, tangu Jumamosi ile, sikugusa tena swichi. Asubuhi nikitoka naweka mikono yote miwili mfukoni, nafunga mlango kwa kiwiko. Siku ya kwanza sikuona tofauti. Siku ya pili Mardhiya alivua koti akipika, akalivaa tena, akalivua. Siku ya nne nikaamka nikagusa ukuta wa chumbani na ukuta haukuwa na baridi. Radieta vuguvugu vilevile, ya kudharauliwa, na nyumba nzima, ngazi, choo, pembe za nyuma ya makabati, imejaa joto tulivu kama la nyumba yetu Wete saa za asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mke wangu akawa anatembea na kanga, Januari, London. Akanisemesha. Aliniambia nisogee nimeziba njia.

Mwisho wa mwezi Sufian akaja peke yake, bila kuniarifu, kuniomba shauri kuhusu boila ya gesi ya kuweka ukumbini. Akakaa. Akavua koti. Akavua skafu. Akanyoosha miguu, akaanza kusahau alichojia.

"Umerudisha boila yako," akasema.

Nikasema sijarudisha. Akanitazama kwa jicho la ukarani, akainuka, akaenda jikoni, akafungua kabati la boila. Masinia. Akayagusa, akatazama nyuma yake, akafungua na kabati la pili. Nikamtoa nje nikamwonyesha mashine ileile, mahali palepale, inazunguka feni yake taratibu. Akasimama mbele yake muda mrefu. Uso wake ukafunguka.

"Ahaa," akasema. "Umeirekebisha mwenyewe."

"Sikurekebisha kitu, Sufian. Nilichofanya ni kuondoa mkono wangu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi wa kweli hajisifu, akasema, na akaondoka akilirudia lile la mkono njia nzima. Wiki ya pili ikaja barua ya kamati. Wamekubali pampu ya joto. Kazi wamempa Fundi Talib, kwa kuwa ameonyesha kwamba anaweza kusahihisha kilichoharibiwa na wengine.

Ile barua nilikaa nayo mfukoni siku mbili, inaniunguza. Kumpa Miska niliona haya, kutompa ni wizi. Mwisho nikamwekea mezani, pale alipoweka simu yake. Akasoma. Nilingoja alie au anitukane, angekuwa na haki. Akacheka, kicheko kirefu, mpaka akakaa. Nikamwambia naikataa, naandika leo hii. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, nisijisumbue: waandike jina watakalo, ukumbi utapata joto lilelile. Ila kuna sharti moja. Nitakwenda naye kila siku, nitakaa kwenye kiti, na sitagusa kitu.

Ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya nchi hii. Wiki tatu nimekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi, na mwanangu na wenzake wawili wanapima, wanakata mabomba, wanapandisha radieta. Ninaona mkono wake unavyofanya kazi. Mabomba yake yamenyooka kuliko yangu, nasema hivyo na haijanipendeza kusema. Na wazee wanaingia, wanampita yeye aliyepiga magoti na jasho, wananijia mimi kitini. Hongera, Fundi. Kazi safi, Fundi. Nikiwaambia mfanyaji ni yule pale, wanacheka, wananikumbusha habari ya mkono. Kila hongera ilikuwa kofi, na Miska alikuwa anasikia yote bila kuinua kichwa.

Mashine ikawashwa. Jumapili ya tatu ya Machi palikuwa na hitima ya mama yake mjumbe mmoja, na nje upepo ulikuwa unakata masikio. Ndani watu wakavua makoti, wakavua makofia ya sufu, watoto wakawa wanalala kwenye majamvi. Sufian alisimama akanitaja jina langu mbele ya watu, wakaniombea umri. Nilinyanyuka nikasema tena niliyoyasema barazani, yote, kwa ufupi. Wakaitikia amin.

Alasiri watu wakatawanyika. Tulibaki wanakamati, na Mardhiya na wanawake jikoni, na Miska alikuwa anakunja majamvi. Sufian ndiye anayefunga ukumbi siku zote. Miaka mingi ya ukarani, hawezi kutoka kwenye jengo mpaka azime kila kitu. Akazima taa za jukwaa. Akazima taa za ukumbi. Akafika mlango wa nyuma, kwenye swichi kubwa, akainua mkono, na mimi niliujua ule mkono kabla haujafika.

"Ami Sufian," Miska akasema. "Mkono."

Hakuwa amepaza sauti. Alikuwa amepiga magoti na pembe ya jamvi mkononi. Sufian akasimama vilevile, mkono hewani. Hakumtazama yeye. Akageuka akanitazama mimi, na wajumbe wote wakageuka wakanitazama mimi, wakingoja niseme kama izimwe au isizimwe.

"Usinitazame mie," nikasema. "Mimi nimekuja kukaa kitini. Umeambiwa na fundi."

"Fundi yupi?"

"Huyo uliyempita wiki tatu. Fundi Miska."

Hakuna aliyecheka safari hii. Sijui kwa nini waliniamini pale na si mara nyengine zote. Labda sauti yangu haikuwa ya mtu anayemtetea mtoto. Sufian akamtazama Miska, shati lake, jina la uzi mwekundu na herufi yake iliyopinda, kama anasoma barua iliyochelewa kufika. Akaushusha mkono polepole, akautia mfukoni.

Miska hakusema ahsante. Aliliangalia jamvi, akaniangalia.

"Baba," akasema, "shika pembe hiyo."

Nikaenda nikaishika.